Jioni ya Aprili Mtoni Kiptiget: Uchambuzi wa Kisa cha Maji Yaliyokuja Baada ya Radi

Kisa hiki kilitokea Jumamosi moja ya mwezi wa Aprili katika mto Kiptiget, upande wa juu, pale mto unapotoka chini ya msitu wa Mau Kusini Magharibi na kuanza kupita kati ya mashamba ya chai. Tulikuwa watu tisa wa klabu yetu ya uvuvi wa nzi bandia, yaani kuvua kwa ndoano iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu, saba kutoka Nakuru na wawili kutoka Kisumu, na mimi, katibu wa klabu, ndiye niliyekuwa kiongozi wa safari. Hakuna aliyekufa wala aliyevunjika kiungo. Kijana mmoja alichukuliwa na maji umbali wa mita kumi na tano hivi, na watu wawili walikwama ng'ambo mpaka karibu saa tatu usiku. Wenzangu wameniomba nikiandike kisa kizima, nami nimekubali kwa sababu maelezo tuliyopeana usiku ule garini, kwamba kijana aliteleza kwenye jiwe, hayatoshi hata kidogo, na tukiyaridhia tutarudi mtoni na kosa lile lile.

Nitangulize neno kuhusu jioni yenyewe, maana ndani yake ndimo uamuzi mbaya ulimozaliwa. Trauti si samaki wa asili wa Kenya. Trauti wa kahawia waliletwa mwaka 1905 na Ewart Grogan, mayai yakitoka Loch Leven huko Scotland, wakawekwa katika mto Gura kwenye milima ya Aberdare. Trauti wa upinde wa mvua walifuata miaka michache baadaye, na ndio tunaowavua Kiptiget. Samaki huyu anataka maji baridi yenye oksijeni nyingi. Maji yakizidi nyuzi 20 hivi hudhoofika na kuacha kula, na ndiyo sababu huwezi kumpata kule chini katika mto Sondu, karibu na Ziwa Victoria, ingawa maji ya Kiptiget hatimaye hufika huko. Pamoja na samaki zilikuja desturi za kumvua, na kubwa kati yake ni kwamba jioni ndiyo saa yake. Hilo ni kweli hata kwetu: jua likipungua ukali, wadudu waliokulia chini ya mawe hupanda juu ya maji na kutoka na mabawa, wengine hurudi kutaga mayai, na trauti huinuka kuwaokota. Lakini mvuvi wa Scotland katika mwezi wa Juni ana saa nzima na zaidi ya mwanga hafifu baada ya jua kuzama, ilhali sisi tulio nusu nyuzi tu kusini mwa ikweta tunapewa dakika ishirini hivi. Mwezi wa Aprili jua huzama pande hizi karibu saa 12:40 jioni, na ikifika saa moja na dakika chache huoni tena fundo ulilolifunga kwa mkono wako mwenyewe. Anayesafiri kilomita mia moja kwa ajili ya dakika ishirini huzionea uchungu dakika hizo, na uchungu huo ni mshauri mbaya.

Sisi wa Nakuru tulipitia Mau Summit na Kericho, tukafika mtoni saa nane u nusu. Wawili wa Kisumu walipanda kwa njia ya Ahero na Awasi, wakatukuta tayari tumeegesha gari kwenye uwanja mdogo wa nyasi nyumbani kwa mwenyeji wetu, mzee ambaye shamba lake la chai linashuka mpaka ukingoni. Neno la kwanza walilolisema baada ya salamu lilikuwa hili: "Katibu, sisi tumepanda na wingu mgongoni tangu Awasi." Nililisikia, na sikulipima. Kila anayeishi magharibi mwa nchi anajua jinsi upepo wa ziwani unavyopanda mchana kutoka Victoria, ukakutana juu ya nyanda za juu na upepo wa mashariki, na hewa yenye unyevu ikasukumwa juu mpaka ikawa wingu la radi kabla ya jioni. Wakulima wa Kericho wanalijua wingu hilo kuliko mtu yeyote, kwani mvua yake ya mawe inaweza kupasua majani ya shamba zima kwa dakika chache. Watu wawili waliotoka ziwani walikuwa wametuletea habari ya hali ya hewa bora kuliko utabiri wowote wa kwenye simu, nami nikawajibu kwamba wingu hilo limezoea kumwagika mjini Kericho.

Nilipima joto la maji, likawa nyuzi 13. Mto ulikuwa safi, wenye rangi ya chai ya rangi iliyokolea kidogo, na katikati ya kivuko lilionekana jiwe moja pana jeusi, ambalo mgongo wake ulikuwa mkavu na kimo chake juu ya maji kama shubiri moja. Jiwe hilo nitalitaja tena. Saa 10:10 alasiri watu watatu waliomba ruhusa ya kuvuka ili wavue kidimbwi kilichoko upande wa pili, chini ya kona, ambacho hakiwezi kufikiwa kutoka upande wetu kwa sababu matawi yameinama mno: mwalimu mmoja mstaafu, daktari wa mifugo ambaye sisi sote twamwita Daktari, na mwanafunzi wa chuo aliyejiunga na klabu mwaka huu. Maji yaliwafika magotini. Mwalimu na Daktari walikuwa na fimbo za kupimia kina. Kijana alikuwa na gambuti za kawaida na hakuwa na fimbo. Niliwaruhusu.

Ngurumo ya kwanza tuliisikia saa 10:35. Kuhusu radi klabu yetu ina kanuni, na ninafurahi kusema kwamba siku ile ilifuatwa barabara. Sauti huchukua sekunde tatu hivi kusafiri kilomita moja, kwa hiyo unahesabu tangu mwanga mpaka mlio. Ukipata sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita kumi na wewe uko katika eneo lake. Fimbo za kuvulia za siku hizi zimetengenezwa kwa kaboni, ambayo hupitisha umeme, na mtu aliyesimama ndani ya mto akiwa ameinua fimbo ya mita tatu ni mlingoti. Hesabu ya kwanza ilikuwa sekunde 40. Saa 10:50 ikawa 24, nikapuliza firimbi. Fimbo zililazwa chini kwenye nyasi, sita wetu tukaingia garini, na wale watatu wa ng'ambo wakapanda mita kama mia tatu hadi kwenye kibanda ambako wakulima hupimia majani ya chai.

Hapo pana kasoro ya kwanza, ambayo katika mkutano wetu haikutajwa na mtu. Gari lenye bodi ya chuma ni kinga halisi dhidi ya radi, kwa kuwa umeme hupita kwenye bodi na kwenda ardhini. Kibanda cha nguzo za miti kilichoezekwa mabati na kisicho na kuta humkinga mtu na mvua tu. Kwa muda wa karibu saa nzima theluthi moja ya watu wangu walikaa mahali pasipo salama, kwa sababu niliwaruhusu kuvuka kwenda upande usio na gari ilhali nilikuwa nimekwisha kuambiwa habari za wingu. Kwamba hawakupatwa na lolote pale hakubadilishi hesabu hiyo.

Saa 11:05 ilianza mvua ya mawe. Ilidumu robo saa, mawe ya ukubwa wa punje za mahindi, na mlio wake juu ya gari ulikuwa mkubwa kiasi kwamba tulizungumza kwa ishara. Ilipopungua, njia kati ya michai ilikuwa nyeupe na ukungu mwembamba ulikuwa unainuka kutoka ardhini. Mwenyeji wetu alikuja mpaka dirishani akiwa amejifunika gunia, akayatazama majani yake yaliyotoboka, asiseme neno kuhusu chai; alisema tu kwamba kule juu msituni inanyesha zaidi ya hapa. Hili nalo nililisikia. Ngurumo ziliendelea kwa mbali, zikisogea upande wa mashariki, na ya mwisho tuliyoisikia ilikuwa saa 11:48. Kanuni inasema kungoja dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Tulingoja zote thelathini, kwa saa mkononi, na ninakumbuka jinsi nilivyojivunia nidhamu hiyo.

Saa 12:18 tulirudi mtoni. Anga ilikuwa imefunguka upande wa magharibi na mwanga wa dhahabu ulikuwa umelala juu ya maji. Kila mvuvi atanielewa nikisema kwamba sijawahi kuuona Kiptiget ukiwa hai namna ile: wadudu wadogo wa rangi ya majivu walikuwa wanapanda na kushuka juu ya kidimbwi kama vumbi lililopeperushwa, na trauti walikuwa wanawafuata mpaka juu, duara baada ya duara, hata kwenye maji membamba ya pembeni. Kijana alituita kutoka ng'ambo kwa sauti iliyojaa furaha, akiuliza kama wavuke sasa au wavue kwanza. Mpango tulioupanga garini ulikuwa kwamba wavuke mara moja. Nikaangalia saa, nikaliangalia jua, nikamjibu: "Vueni dakika ishirini, kisha mvuke." Neno hilo la dakika ishirini ndilo kosa la siku ile. Mengine yote ni matawi yake.

Nieleze kwa nini ninasema hivyo. Mmoja wetu alipiga picha ya machweo saa 12:21, na ndani ya picha hiyo jiwe jeusi la kivukoni linaonekana, mgongo wake umelowa mvua lakini uko juu ya maji kama ulivyokuwa mchana. Mwenzetu huyo huyo alipiga picha nyingine saa 12:33. Jiwe halimo. Kwa hiyo ndani ya dakika kumi na mbili mto ulipanda zaidi ya shubiri, na kama wale watatu wangevuka saa 12:18 wangevuka kwa maji ya magotini yale yale waliyoyavuka mchana. Hapana shaka juu ya hilo, na ninawashukuru waliotunza picha hizo, kwani bila hizo tungebishana mpaka leo.

Lakini kwa nini maji yalikuja saa ile na si mapema, wakati mvua ilipokuwa inatupiga? Hapa ndipo kisa kinapokuwa na somo ambalo mimi binafsi sikuwahi kulifikiria katika miaka yote niliyovua. Mvua kubwa ilinyesha msituni na kwenye mashamba ya juu kati ya saa 11:05 na karibu saa 11:40. Mto uliojaa katika mteremko kama ule huenda mita mbili hivi kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita saba kwa saa. Ikiwa kiini cha mvua kilikuwa kilomita nane juu yetu, maji yake yalihitaji saa moja na dakika chache kutufikia. Weka hesabu hiyo kando ya kanuni ya radi: radi inatulia, unangoja nusu saa, unarudi mtoni, na unarudi kwa wakati ule ule ambao maji ya mvua ile ile yanawasili. Kanuni ambayo ni njema kabisa kwa mambo ya angani ilitupeleka kwa mkono mpaka mtoni katika dakika zake mbaya kuliko zote. Tulikuwa tumeuliza swali moja, kama radi imekwisha, na tulipopata jibu tukadhani tumejibiwa na la pili.

Zamani pengine muda huo ulikuwa mrefu zaidi na maji yalikuja polepole. Mau ndio msitu mkubwa kuliko yote katika vyanzo vya maji vya nchi hii, na mito ya Sondu, Mara, Nyando na Njoro yote huanzia humo. Ardhi yenye miti huinywa mvua na kuitoa kidogo kidogo, lakini ardhi iliyokatwa miti, barabara za udongo ulioshindiliwa na mifereji ya mashambani huimwaga mtoni mara moja. Wazee wanaoishi kando ya Kiptiget wanasema mto siku hizi hupanda haraka kuliko walivyouzoea utotoni, na mimi ninawaamini.

Narudi kwenye ukingo. Saa 12:25 nilikuwa nimempata trauti wa sentimita thelathini, na nilikuwa nimemshika chini ya maji ndani ya kimia ili nimtoe ndoano. Ninamkumbuka kwa undani: mstari wa waridi uliopita ubavuni kutoka shavuni hadi mkiani, madoa meusi yaliyotapakaa mpaka kwenye pezi la mkia, na nzi wangu mdogo wa manyoya ya kijivu amenasa kwenye kona ya mdomo. Nilipomwachia na kumtazama akienda, nilimpoteza baada ya nusu mita tu. Dakika kumi kabla yake nilikuwa naziona changarawe za chini. Sikuelewa. Aliyeelewa ni mwenyeji wetu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu muda wote mikono ikiwa mgongoni. Akasema, "Bwana Katibu, mto unanuka udongo." Kisha akanionyesha kwa kidevu: majani ya chai mabichi, vijiti na povu la rangi ya kahawa vilikuwa vinashuka katikati ya mkondo, vingi kwa pamoja.

Kiongozi wa safari hapaswi kuwa na samaki mkononi wakati kama huo. Tangu saa 12:18 sikuwa nimeuangalia mto hata mara moja kama mto. Nilikuwa nikiutazama kama mahali pa samaki. Nilipuliza firimbi mara tatu, ishara ya kutoka majini, na watu wote wa upande wetu wakatoka bila kuuliza. Wale wa ng'ambo walitii pia, na hapo utiifu wao ukawa hatari, kwa sababu kwao kutoka majini kulimaanisha kuja kwetu. Firimbi yetu haikuwa na ishara ya kusema baki huko uliko.

Daktari alitangulia. Alivuka akiwa ameelekeza uso juu ya mto, fimbo yake ikiwa mbele kama mguu wa tatu, akisogeza mguu mmoja baada ya kuuthibitisha mwingine, na maji yalimfika mapajani. Alipotukaribia, wawili wetu walimshika mikono wakamvuta. Kijana alikuwa amekwisha kuingia nyuma yake. Kati ya kuingia kwa Daktari na kuingia kwa kijana zilipita dakika mbili, na mto haukuwa ule ule. Watu wengi hudhani kwamba mkondo ukienda kasi mara mbili basi unasukuma mara mbili. Husukuma mara nne. Kijana alifika hatua ya tano au ya sita, akainua mguu kutafuta mgongo wa jiwe jeusi ambao sasa hakuweza kuuona, na maji yakamwondoa.

Alifanya mambo mawili sawasawa, na ninataka yaandikwe. Aliiacha fimbo yake ya kuvulia iende, fimbo ambayo aliinunua kwa akiba ya miezi mingi, na hakujaribu kusimama. Alilala chali miguu ikitangulia, kama tulivyofundishana Januari, mpaka mkondo ulipomsukuma kwenye kona upande wa ng'ambo, ambako alishika mizizi ya mti. Mwalimu, mwenye umri wa miaka sitini na zaidi, aliteremka gengeni akilalia tumbo, akamnyoshea fimbo yake ya kupimia kina, akamtoa. Sisi tulioko upande wa pili tulikuwa watazamaji. Mmoja wetu alianza kuvua koti ili aingie, na mwenyeji wetu alimshika mkono kwa nguvu, akamwambia, "Kijana, huyo ameshatoka. Ukiingia wewe, nani atakutoa?"

Hapo tena tulikuwa na uamuzi mmoja wa kufanya, na huu tuliufanya vizuri. Ilikuwa saa 12:45. Kijana alikuwa amelowa chapachapa, hewa imeshapoa kwa barafu ya mvua ya mawe, na sauti zetu zilikuwa hazisikiki vizuri juu ya ngurumo ya mto. Mmoja wetu alishauri turushe kamba. Kamba mikononi mwa watu wasiofunzwa, katika maji ya namna ile na gizani, humfunga mtu chini ya maji badala ya kumwokoa, na nilikataa. Nilimwashia Mwalimu tochi, nikampungia mkono wa kumwambia arudi juu na kijana. Mwenyeji wetu alikuwa tayari na simu sikioni: "Shemeji, habari ya jioni. Kuna wageni wangu wawili hapo chini kwako, mmoja ameanguka mtoni. Tafadhali shuka na taa, na mwambie dada yangu aongeze kuni." Baada ya dakika kumi tuliiona taa ikishuka kati ya michai upande wa pili, na ninakiri kwamba sijapata kuona mwanga uliopendeza kuliko ule.

Daraja la karibu lilikuwa umbali wa kilomita saba kwa barabara, na barabara ilikuwa tope. Gari lilikwama mara mbili. Tulifika kwenye nyumba ile saa 2:50 usiku, tukawakuta wameketi jikoni kando ya moto, kijana amevaa suti ya zamani ya mwenye nyumba na blanketi mabegani, kikombe cha chai ya maziwa mikononi. Mwalimu alitueleza kwamba kijana alitetemeka kwa zaidi ya nusu saa na kwamba kwa muda mfupi maneno yake yalikuwa yanagongana. Mama wa nyumba, bila kuelekezwa na mtu, alikuwa amemtoa nguo zote mbichi kwanza ndipo akamsogeza motoni, akamnywesha chai yenye sukari kidogo kidogo. Daktari alisikiliza, akasema kwamba yeye asingefanya tofauti. Watu hutetemeka kwa baridi hata kwenye ikweta. Penye kimo cha zaidi ya mita 2,000, mtu aliyelowa usiku anaweza kupoteza joto la mwili haraka kuliko anavyodhani.

Katika mkutano wetu wa wiki iliyofuata Nakuru kulikuwa na maoni mawili. Baadhi ya wenzangu walishikilia kwamba tatizo lilikuwa vifaa: gambuti zenye soli laini na ukosefu wa fimbo. Nakubali kwamba kijana hakupaswa kuvuka bila fimbo, na sasa hakuna avukaye bila hiyo. Lakini Daktari alikuwa na vifaa vyote na alivuka kwa taabu, akiwa mtu wa dakika mbili kabla. Kama ningechelewa kupuliza firimbi kwa muda mfupi zaidi, yeye ndiye ambaye tungekuwa tunazungumza habari zake. Wengine walitaka tuache kabisa kwenda katika miezi ya mvua ndefu. Hilo pia silikubali, maana mvua za alasiri pande za Kericho hazingojei kalenda, na klabu itakayoamini kwamba Agosti ni salama itakutwa Agosti.

Tulichokubaliana ni hiki. Asubuhi ya safari, na tena tukifika, tunawauliza waliotoka upande wa ziwa wameona nini njiani, na jibu lao linaandikwa kwenye daftari la safari pamoja na uamuzi uliofanywa juu yake. Ikiwa kuna wingu, hakuna avukaye mto baada ya saa tisa isipokuwa kwa daraja. Ngurumo ikisikika, walioko ng'ambo hurudi papo hapo wakati maji bado ni ya mchana, hata kama hesabu ya sekunde ingali juu ya thelathini. Baada ya mvua kubwa ya mlimani hatuingii majini jioni ile. Tunavua tukiwa ukingoni, au hatuvui. Firimbi moja ndefu sasa ina maana ya baki upande uliopo. Kiongozi havui. Na shemeji wa mwenyeji wetu ana ndugu anayekaa juu kabisa, karibu na ukingo wa msitu, ambaye amekubali kutupigia simu mto ukibadilika rangi mlangoni pake, nasi tunamlipa kwa siku kama tunavyowalipa wanaotubebea mizigo.

Tulirudi Kiptiget mwishoni mwa Mei. Mwenyeji wetu alikuwa amepigilia kigingi cha mkaratusi pembeni mwa kivuko, akakipaka mistari mitatu ya rangi nyeupe: wa chini ukiwa sawa na mgongo wa jiwe jeusi, wa juu kabisa ukiwa mahali ambapo, kwa ushahidi wa nyasi zilizolala, maji yalifika usiku ule. Ni karibu na kiuno changu. Kijana alikuja pia, na fimbo aliyoazimwa na Mwalimu, akavua upande wa gari pamoja nasi wote. Mvua ilinyesha juu alasiri. Kwetu yalidondoka matone tu, na jua lilikuwa linawaka. Saa 12:04 jioni, samaki wakianza kuinuka, simu iliita. Sauti ya upande wa pili ilisema maneno manne: "Mto umekuwa mwekundu sasa." Niliandika saa daftarini, nikapuliza firimbi, na watu walikunja mishipi yao na kupanda ukingoni, wengine kwa shingo upande, nami niliwaelewa. Tulikaa kwenye nyasi tukiwatazama trauti wakiokota wadudu katika maji safi kabisa yasiyo na dalili yoyote, mpaka jua likazama na baadhi yetu wakaanza kuniangalia. Saa 12:57, kwa mwanga wa tochi, mstari wa chini wa kigingi ulifunikwa.